Ulizeni Mlangoni: "Hela yangu ya tiketi ameila nani?"

Mwezi huu nimepata barua tatu juu ya jambo moja, ulanguzi wa tiketi za ngumi, nami nimeona nizijibu kwa pamoja. Kwa wasomaji wageni wa safu hii: mimi ni mtu wa Tanga, niliingia London mwaka 1989, na kwa miaka kumi na minne nilivaa koti la njano la wasimamizi wa milango kwenye viwanja na kumbi za hapa. Ngumi nilizicheza kidogo ujanani nikaziacha. Milango ndiyo niliyoizoea, na haya ya tiketi nimeyaona kwa macho yangu.

Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni muuguzi, naishi Leicester na mume wangu na watoto wawili. Mume wangu anapenda ngumi tangu tuko Morogoro. Alipotimiza miaka 40 nikataka nimpeleke akaone pambano kubwa la uzito wa juu. Siku tiketi zinatoka nilikaa kwenye kompyuta tangu saa tatu kasoro asubuhi. Nikawekwa foleni, zamu yangu ilipofika zimekwisha. Haikupita hata robo saa nikaziona kwenye mtandao mwingine: ile ya pauni 80 inauzwa 380. Nikanunua mbili kwa hela za zamu za usiku. Siku ya pambano mume wangu akapita, mimi mashine ikanikataa. Yeye ameshaingia, mimi nipo nje. Akaamua kutoka, tukapanda treni tukarudi nyumbani. Nauliza: hela yangu ameila nani? Na inakuwaje tiketi ziishe halafu zionekane kwingine palepale?
*Mama wa Wawili, Leicester*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu watu kama wewe nimewarudisha mlangoni kwa mikono yangu mwenyewe, na wengine sura zao ninazo mpaka leo.

Aprili 29, 2017, mabondia wa uzito wa juu Anthony Joshua na Wladimir Klitschko walikutana kwenye uwanja wa Wembley hapa London. Watu 90,000. Tiketi zilipotoka mwezi Januari, 80,000 za mwanzo hazikumaliza hata siku moja. Usiku ule mashine yangu ilikuwa ikiwaka kijani kwa tiketi nzuri na nyekundu kwa mbaya, ikitoa na mlio mkali wa kukera. Akaja baba mmoja na mtoto wa kiume wa miaka kama kumi. Mkononi ana karatasi mbili alizochapa nyumbani, amezikunja vizuri ndani ya bahasha ya plastiki ili mvua isizilowanishe. Nyekundu. Nikajaribu tena, nyekundu. Mashine ikaniambia tiketi zile zimeshatumika. Mtu aliyemwuzia alikuwa ameuza karatasi zilezile kwa watu wengine, naye aliyewahi kufika ndiye aliyeingia.

Sikuwa na mamlaka ya kumpitisha. Akampigia simu aliyemwuzia, namba haipatikani. Hawakuondoka. Walikaa pembeni mwa uzio wangu mpaka pambano likaanza, na raundi ya tano uwanja ulipolipuka kwa kelele yule mtoto akaniuliza, "Nani kaanguka?" Nilikuwa na redio ya kazini, nikamwambia Klitschko. Raundi ya sita kelele nyingine, akaniuliza tena, nikamwambia sasa ni Joshua. Mpaka raundi ya kumi na moja, Joshua aliposhinda, yule mtoto aliliona pambano lile kupitia mdomo wangu. Baba yake alikuwa ametazama chini muda wote.

Sasa swali lako: hela umeliwa na nani. Wengi hudhani mlanguzi ni yule jamaa anayesimama nje ya kituo cha treni akinong'ona "tiketi, tiketi, unanunua, unauza?" Huyo yupo, lakini huyo ni wa mkiani. Tiketi nyingi hazijawahi kukaribia mikono ya watu kama wewe hata kabla ya saa tatu kasoro uliyokaa kwenye kompyuta.

Chukua pambano la Floyd Mayweather na Manny Pacquiao, Las Vegas, Mei 2, 2015. Lilitangazwa Februari 20. Wiki zikapita, tiketi hazionekani, kwa sababu wakubwa walikuwa wakigombania mgawo: nani apate viti vingapi. Ziliuzwa Aprili 23, zimebaki siku tisa tu. Ukumbi wa MGM Grand Garden Arena usiku ule ulipokea watu elfu kumi na sita na ushei. Unajua umma wote wa dunia uliuziwa tiketi ngapi? Takriban 500. Ya chini kabisa ilikuwa dola 1,500, na ziliisha ndani ya dakika moja. Zilizobaki ziligawanywa mezani: hoteli yenyewe kwa ajili ya wacheza kamari wake wakubwa, kampuni ya Mayweather, Top Rank ya promota Bob Arum upande wa Pacquiao, na vituo vya televisheni HBO na Showtime. Kutoka kwenye mafungu hayo nyingi zikaishia sokoni kwa bei ya juu. Viti vya karibu na ulingo vikatangazwa mtandaoni kwa zaidi ya dola 100,000. Hata kupima uzito! Walitoza dola 10 kuingia kuwaona mabondia wakipanda mizani, fedha ikaenda kwa hisani, na tiketi zile za dola 10 zikalanguliwa zikauzwa kwa zaidi ya mara kumi ya bei yake. Mapato ya mlangoni yalipita dola milioni 72.

Kwa hiyo mwanangu, unapoambiwa "zimekwisha," uliza zilikuwa ngapi tangu mwanzo. Promota anatangaza ukumbi wa watu elfu kadhaa, lakini kuna za wadhamini, za televisheni, za kambi ya kila bondia, za ukumbi, za wanaolipia chakula na kiti kwa pamoja. Zinazobaki ndizo mnazogombania ninyi. Na hapo hamgombanii peke yenu, maana mnashindana na programu za kompyuta zinazoshika tiketi kwa mamia wakati wewe bado unatafuta kadi yako ya benki kwenye mkoba. Marekani walitunga sheria ya kuzipiga marufuku programu hizo Desemba 2016, lakini tume yao ya biashara haikumfikisha mtu mahakamani kwa sheria hiyo mpaka Januari 2021, ilipowashika madalali watatu wa New York.

Juu ya hapo kuna mtandao uliokuuzia. Nao hukata ada kwa muuzaji, na hukata ada kwa mnunuzi. Tiketi ikiwa ghali zaidi, ada yake nayo inapanda. Ndiyo maana sina imani nao wanaposema wao ni uwanja tu wa watu kukutana.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Hapa Uingereza kuuza tiketi ya mpira wa miguu bila idhini ni kosa la jinai tangu mwaka 1994. Ngumi haimo kwenye sheria ile. Mpira waliuwekea sheria kwa hofu ya fujo, ili mashabiki wa timu mbili wasichanganyike jukwaani. Kuwakinga mifuko hawakuwaza. Mlanguzi yuleyule ambaye Jumamosi mchana anaogopa polisi nje ya uwanja wa mpira, usiku anasimama wazi nje ya ngumi. Nakumbuka Olimpiki ya 2012, ngumi zilipochezwa ExCeL kule mashariki mwa London, Nicola Adams akawa mwanamke wa kwanza duniani kuchukua dhahabu ya ngumi za Olimpiki. Kwa Olimpiki waliweka sheria maalumu, faini mpaka pauni 20,000 kwa mlanguzi. Wakitaka wanaweza. Na Ireland wanafanya: tangu 2021 ni marufuku kuuza kwa zaidi ya bei iliyoandikwa kwenye kumbi zao kubwa, kwa hiyo Katie Taylor aliporudi kupigana Dublin Mei 2023 sheria ilikuwa upande wa shabiki. Novemba 2025 serikali ya hapa Uingereza nayo ilitangaza kwamba itapiga marufuku kuuza zaidi ya bei ya awali. Mimi nitaishangilia siku mtu wa kwanza atakapotozwa faini.

Kwako wewe, hela usiisamehe. Muuzaji wa tiketi ya mkono wa pili hapa analazimika kwa sheria ya mwaka 2015 kukuonyesha safu, namba ya kiti na bei ya awali kabla hujalipa. Tazama ulichonunua: kama hukuonyeshwa hayo, andika. Andikia mtandao ule udai fedha ya tiketi iliyokataliwa, na useme na ile iliyopita haikuwafaa kitu kwa sababu ya hiyo iliyokataliwa. Piga picha kila ukurasa wa mawasiliano. Kama ulilipa kwa kadi, iambie benki kwamba ulilipia kitu hukukipata, uombe malipo yarudishwe, na usichelewe maana kuna muda wa mwisho. Wakikuzungusha, wapigie Citizens Advice, shirika la kuwashauri wananchi, wana laini ya wanunuzi na hawatozi. Na mtafute yule aliyekuwa mlangoni akuandikie kwamba mashine ilikataa; mara nyingi kuna daftari la matukio. Mimi nimewaandikia watu wengi karatasi hiyo, na walioiomba walikuwa wachache kuliko walioihitaji.

Mzee, mimi nipo Dar. Pambano likija nanunua tiketi kumi za 20,000 mapema, siku yenyewe nauza 35,000 mlangoni. Watu wananiita mlanguzi. Mbona anayenunua nyanya Lushoto akaziuza Ilala kwa faida hamumwiti hivyo? Na mimi nimetoa mtaji wangu, wasiponunua nakula hasara. Ubaya wangu uko wapi?
*Kijana wa Buguruni*

Kijana wangu, umeuliza bila kuficha, nami nitakujibu hivyohivyo.

Neno hilo wanalokuita lina historia nyumbani kwetu, na pengine wewe ulikuwa hujazaliwa. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako mkubwa wa wahujumu uchumi na walanguzi. Mama yangu pale Tanga alikuwa akipanga foleni ya sukari tangu alfajiri, anaweka jiwe kushika nafasi yake ili aje anyonyeshe mdogo wangu kisha arudi. Sukari haikuwepo dukani, lakini ilikuwepo. Msako ulipoanza watu wakawa wanatupa mali usiku ili wasikutwe nazo. Msako ule ulikuwa na dhuluma zake, wapo walioonewa, nami siutamani urudi. Lakini lile jiwe la mama yangu sitalisahau. Lilikuwa likishika zamu ya kitu ambacho mtu alikuwa amekifungia stoo ili yeye akose.

Sasa nyanya. Wa Lushoto anazitoa shambani, anapakia, anavumilia gari bovu mlimani, nyingine zinaoza njiani. Akifika Ilala amemletea mama lishe kitu ambacho asingekipata. Na nyanya zikipanda bei, mwakani wakulima wanalima zaidi. Viti vya ukumbi haviongezeki. Ukumbi una viti 3,000 kabla yako na viti 3,000 baada yako. Zile kumi ulizonunua mapema zingenunuliwa na watu kumi kwa 20,000. Wewe umesimama kati yao na mlango, na 15,000 unayoongeza ni malipo ya kukuomba usogee.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani hujalitazama. Hiyo 15,000 bondia haioni. Ngoja nikueleze jinsi ilivyo hapa kwenye ngumi za chini, usije ukadhani kila bondia ni Mayweather. Kuna ukumbi unaitwa York Hall, Bethnal Green, mashariki mwa London, watu kama 1,200 umejaa. Humohumo kuna bwawa la kuogelea, na harufu ya klorini inafika mpaka ulingoni. Bondia anayeanza akipangiwa pambano pale, mara nyingi hapewi mshahara kama unavyofikiria. Anapewa tiketi akauze. Anapata asilimia ya alizouza, na mauzo yake hayohayo ndiyo yanayolipa mpinzani aliyeletwa apigane naye. Asipouza za kutosha, pambano linafutwa.

Nilimjua kijana mmoja mzaliwa wa Bukavu, alikuwa akifanya mazoezi gym ya jirani na kwangu. Asubuhi anabeba mizigo ghala la vyakula, jioni anapiga begi. Kwenye mkoba wake wa mazoezi, chini ya bandeji za mikono, kulikuwa na kifurushi cha tiketi kimefungwa kwa mpira wa manjano, na kipande cha daftari chenye majina: fulani mbili, amelipa; fulani nne, atalipa Ijumaa. Alikuwa akiuza kwa kinyozi, kanisani, kwa wafanyakazi wenzake. Wiki ya pambano, bondia anapotakiwa kulala na kupunguza uzito, yeye alikuwa kwenye basi na njaa yake akipeleka tiketi mbili upande wa pili wa mji. Akishinda usiku ule, anajua kila mtu aliyemshangilia kamwuzia yeye mwenyewe. Mara moja nilimwuliza kwa nini asimpe mtu amwuzie zote kwa pamoja. Akaniambia, "Mzee, huyo mtu hatarudi kesho kunitazama."

Ndiyo maana nakuona unakosea, kijana wangu, ingawa sikuoni mwizi. Hujaiba. Umetoa hela yako na unauza tiketi halali, na hasara ni kweli unaweza kuila. Tofauti yako na wale wa juu ni kubwa pia: Februari 2015, kwenye fainali ya mpira wa Kimarekani kule Arizona, wapo madalali waliouza tiketi ambazo hawakuwa nazo kabisa, wakitegemea bei itashuka wazinunue baadaye. Bei ikapanda mpaka karibu dola 10,000, wakashindwa kuzileta, na watu waliosafiri nchi nzima wakabaki nje na ujumbe wa samahani. Wewe hujafika huko, na usifike.

Ila una kipaji. Unajua pambano lipi litajaza, unajua watu wako wako wapi, una mtaji wa tiketi kumi na mdomo wa kuziuza. Nenda kwa promota au kwa kambi ya bondia wa mtaani kwenu, waambie wakupe tiketi hamsini uuze kwa bei iliyoandikwa, wakukatie asilimia kwa kila moja. Utauza hamsini badala ya kumi, shabiki analipa 20,000, na jina lako bondia analijua. Ukikubaliwa niandikie, nataka kusikia. Wakikukatalia pia niandikie, na uniambie walikujibu nini.

Assalaam alaykum mzee. Naishi Muscat. Usyk na Fury walipopigana Riyadh mwaka 2024 niliangalia kwenye televisheni roho inaniuma, maana ni jirani tu. Safari nyingine kubwa nataka kwenda. Je, ninunue mapema kwa mlanguzi, au nisubiri siku yenyewe bei ishuke?
*Mpenda Ngumi, Muscat*

Waalaykum salaam. Bei kushuka hushuka, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mayweather na Conor McGregor, Agosti 2017, Las Vegas: ukumbi unaobeba watu kama 20,000, waliolipa ni 13,094. Bei za kiburi tangu mwanzo, walanguzi wakajaza mifuko wakitegemea wazimu wa 2015 urudi, siku zikakaribia wakawa wanateremsha kila asubuhi. Anayekaa mtaa wa pili na ukumbi anaweza kucheza mchezo huo, akaamka siku ya pambano akatazama.

Wewe unatoka Muscat. Usipande ndege bila tiketi mkononi, na usikate ndege kabla ya tiketi. Fuata kurasa za promota mwenyewe tangu pambano linapotajwa, jiandikishe kwenye orodha ya wanaopewa nafasi ya kununua kabla ya umma, na nunua kwa muuzaji aliyetajwa na promota pekee. Ukikosa pale, muulize promota kama ana njia rasmi ya mashabiki kuuziana kwa bei ileile, wengine wanayo. Ukiona tangazo linalokwambia tu "sehemu ya chini" bila safu wala namba ya kiti, achana nalo, mara nyingi huyo hana tiketi bado. Na ukishaipata usiipige picha ukaitupia mtandaoni kwa furaha. Ile mistari myeusi ndiyo tiketi yenyewe, mtu anaikata kwenye picha yako anaingia nayo kabla yako.

Siku hizi nyingi zinakaa kwenye simu. Ifungue ukiwa bado hotelini penye intaneti nzuri, kwa sababu watu elfu ishirini wakifika mlangoni mtandao unazama. Ongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho, mashine hazipendi kioo chenye giza wala kilichopasuka. Na beba chaja. Nimewahi kumwazima mtu chaja yangu mlangoni dakika kumi kabla ya kengele ya kwanza, amechuchumaa ukutani anahesabu asilimia: moja, mbili, tatu. Ilipofika nne ikawaka, akapita akikimbia, na chaja akaenda nayo.